Mbavu za Micah

Msiniambie habari za watu wakubwa. Mimi niliolewa na mtu mkubwa. Micah wangu alikuwa akiingia mlangoni kwa kuinama, na kitandani miguu ilipita mpaka tukaweka kiti pale mwisho, kazi yake kubeba nyayo za bwana. Ugali wake niliugeuzia kwenye beseni. Basi mtu akikaa kwenye benchi langu na kuanza kusema ati mfupi hawezi kumpiga mrefu, huwa namwacha anywe chai yake mpaka nusu, halafu namwambia akae sawasawa, leo atasikia.

Jina langu ni Akeyo. Nauza chai, uji na mandazi nje ya lango la godauni la nafaka hapa Nakuru, upande wa reli. Micah alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotengeneza njia ya reli. Kazi yake ilikuwa nyundo. Alipigilia misumari kwenye mataruma kutoka hapa mpaka Rongai, akarudi akapigilia tena, na Jumamosi alikwenda kwenye ukumbi wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, kupiga watu ngumi ulingoni. Kabla ya vita na baada ya vita, hakuna aliyemwangusha. Alikufa kwa homa ya mapafu, mwaka ule mvua ya mawe ilipomaliza pareto yote ya kule juu. Reli wakachukua nyumba yao. Shemeji zangu wakaja kutoka Gem na kuku wawili, wanataka kunirithi. Nikachinja wale kuku, nikawapikia, wakala wakashiba, nikawasindikiza stesheni. Nikapanga chumba Bondeni, nikaanza kuuza chai.

Lakini leo sitaki kujisema mimi. Nataka kumsema Kiplangat, kuli wa godauni, maana watu wameanza kumsimulia vibaya na yeye mwenyewe si mtu wa maneno.

Kiplangat alitoka upande wa Keringet. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, baba yake akiwa mkamuaji wa ng'ombe. Mungu alimpa kila kitu ila urefu. Kifua anacho, shingo anayo, mapaja kama vinu, lakini umtafute nyuma ya gunia la mahindi lililosimama, utaona kofia tu. Kule shambani nyapara alimweka kwenye kazi ya watoto, kuchuma maua ya pareto, na akamwacha huko hata baada ya kutoka jandoni. Fikirieni. Mtu ametahiriwa, amekaa na wenzake, amefundishwa yote ya kiume, anarudi, wenzake wa rika wanapewa plau na trekta, yeye anapewa kikapu afunge kiunoni. Jioni wakihesabiwa, yeye yuko kwenye mstari wa watoto. Alinieleza jambo hilo siku moja huku akicheka, lakini kikombe alikishika kwa nguvu hata nikaogopa kitavunjika.

Ndiyo sababu alikuja Nakuru. Godauni hawajali kimo, wanajali gunia limefika kwenye behewa. Na hapo ndipo nilipoanza kumtazama, maana kutoka kwenye meko yangu naona ndani ya lango lote. Gunia la mahindi ni zito kuliko mtu. Makuli wawili wanalishika masikio, wanalinyanyua, na wa tatu anaingia chini yake. Mtu mrefu huingia kwa kuinamisha mgongo, na baada ya miaka michache mgongo umekwisha. Kiplangat aliingia kwa magoti. Alishuka, akageuza nyonga, gunia likaja lenyewe begani, akaondoka nalo mbio kwa hatua ndogo ndogo. Watu walikuwa wanaacha kazi kumtazama.

Akajiunga na ngumi pale ukumbini. Waliokuwa wa kimo chake aliwamaliza upesi, kisha wa juu yao kidogo, kisha wakakosekana wa kupigana naye. Na hapo akaanza kuutaka mshipi.

Sasa sikilizeni upuuzi wa wazee wetu. Micah alipokufa, wazee wa ukumbi walitengeneza mshipi kwa mkanda wa mashine kutoka karakana ya reli, ngozi nene, na kifungo kikubwa cha shaba mbele. Kila siku ya pili ya Krismasi mwenye mshipi anapigana na mtu mmoja aliyechaguliwa, hakuna mizani, hakuna mkubwa wala mdogo. Anayemfunga mshindi mshipi huo ni mimi mjane. Hapo sina ugomvi, nilipenda. Ugomvi wangu ni huko kuchagua. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi wazee wanakaa benchi la mbele, anayetaka kupigana anasimama mbele yao, na mwenyekiti anauliza: "Huyu angesimama na Micah?" Basi hapo wanaanza. Micah angemfanya hivi, huyu angejibu vile, Micah angerudi nyuma, aka, Micah hakuwahi kurudi nyuma! Watu wazima na mvi zao wanapiga ngumi hewani na bakora. Wakikubaliana kwamba angesimama, anapigana. Wakisema angeanguka, anakwenda zake. Waliita jambo hilo kumwuliza Micah. Na kwa kuwa marehemu hana mdomo, walijijibu wenyewe.

Na kila mwaka Micah alirefuka. Mwanzo alikuwa mrefu kama mlango, halafu kama dirisha la juu, mwisho nikasikia ati aliweza kuwasha taa ya stesheni bila ngazi. Nilikuwa nakaa pale kando ya mlango na mshipi mapajani, nawasikiliza, nanyamaza. Mimi nilizika mtu. Wao walikuwa wanajenga mnara.

Aliyekuwa akimsemea Micah ni mwenyekiti, Mzee Naftaly, gadi wa treni za mizigo aliyestaafu, mtu wa kofia na koti hata jua likichoma. Yeye ananiita shemeji, maana alikuwa rafiki wa mume wangu. Na ndiye mtu pekee aliyepigana na Micah mpaka kengele ya mwisho bila kulala chini. Alishindwa, ndiyo, lakini alisimama. Hilo likawa jina lake mjini. Akiingia mahali watu walisema, huyu ndiye alisimama na Micah, naye anarekebisha kofia.

Mara ya kwanza Kiplangat kusimama mbele yao, hata hawakubishana. Walicheka tu. Mzee Naftaly akamwambia, "Kijana, nenda ukatafute watoto wenzako." Watoto! Kati ya maneno yote ya Kiswahili akalichukua hilo. Kesho yake Kiplangat alikuja kibandani, akakaa, uji ukapoa mbele yake.

"Mwakani urudi," nikamwambia.

"Watasema yale yale, mama."

"Na wewe rudi na yale yale. Kwani miguu ni yao?"

Akanywa ule uji baridi, akarudi kazini.

Katikati ya mwaka uliofuata nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Saa ya mapumziko makuli walikuwa wanacheza ngumi pale uani, Kiplangat na jamaa mmoja mrefu wa Salgaa. Yule mrefu akanyanyua mkono wa kulia kupiga. Kiplangat akashuka kwa magoti, vile vile anavyoingia chini ya gunia, akageuza nyonga, na mkono wake wa kushoto ukamkuta yule mtu kwenye mbavu za kulia. Jamaa akakaa chini, anatafuta pumzi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mandazi yaliungua nisiyaone. Mikono yangu ilijua mahali pale. Nilisimama na kijiko nikijiambia, huyu mtu angempiga Micah.

Na nilikasirika. Wacha niseme ukweli, nilimkasirikia Kiplangat siku nyingi. Nani alimpa ruhusa ya kumpiga mume wangu? Nilimpa chai bila kumwangalia. Yeye hakujua lolote, maskini, alifikiri labda mandazi yamenipa hasara. Nilikuwa nalala nikimwona Micah amekaa kwenye kiti cha miguu, ameshika ubavu, ananitazama.

Krismasi ikakaribia tena. Zilikuwa siku za Emajensi, serikali inawasaka Mau Mau na kuwahamisha Wakikuyu. Wangeci, aliyekuwa akiuza viazi kando yangu, walishampakia kwenye lori na watoto wake na hatukujua aliko. Benchi lake liko pale mpaka leo na hakuna anayelikalia. Askari walitaka kila mtu awe amefika nyumbani kabla jua halijazama, kwa hiyo ukumbi ulijaa mapema, mchana kweupe. Nikakaa mahali pangu na mshipi mapajani.

Kiplangat akasimama mbele ya wazee. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Kijana," akasema Mzee Naftaly, "si tulimaliza maneno yako mwaka jana?"

"Mlimaliza nyinyi, mzee. Mimi sikumaliza."

Ukumbi ukasema "Uuu!" Mzee Naftaly akarekebisha kofia. "Haya. Huyu angesimama na Micah?"

"Angesimama wapi?" akajibu mzee mmoja wa benchi la mbele. "Chini ya kwapa?"

Kicheko kikapasua mabati. Mzee Naftaly akanyoosha mkono wake. "Mkono wa Micah ulitoka hapa mpaka kwenye nguzo ile. Huyu kabla hajafika, ameshapigwa mara mbili. Tuseme amefika. Kidevu cha Micah kiko huko juu. Atakifikia na nini, ngazi?"

"Nani amesema nataka kidevu?" akasema Kiplangat.

"Siku zile watu walisimama wakapigana!" akapaza sauti mwingine. "Hawa wa siku hizi ni kuchutama na kuruka. Kuchutama si ngumi, ni woga."

Mtu mmoja wa nyuma akasema taratibu kwamba Nairobi wanapima kwa mizani, mdogo hupigana na mdogo, labda huyu apelekwe huko. Wazee wakaitikia, ndiyo, ndiyo, apelekwe kwa wadogo. Kiplangat akageuka akamtazama.

"Gunia haliniulizi kimo changu."

"Gunia halirudishi ngumi," akasema Mzee Naftaly, na hata mimi ilibidi nikubali kwamba amejibu. Watu walipiga makofi. Basi angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini mzee alikuwa ametiwa joto na makofi. Akasimama, akaweka mkono kifuani. "Mimi namsemea Micah. Micah anasema, huyu ni mtoto. Apewe kikapu, akachume pareto."

Sijui nani alimpelekea habari ya pareto. Makuli wanapenda kusema. Nilimwona Kiplangat akishuka mabega. Aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaanza kuja mlangoni, nilipokuwa.

Yawa! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kutukana mtu, tukana kwa mdomo wako. Usichukue mdomo wa mume wangu aliyelala kaburini. Micah hakuwahi kumcheka mtu anayefanya kazi. Nikasimama pale mlangoni, na mimi nikisimama mlango umefungwa.

"Shemeji," nikasema, "Micah hasemi hivyo."

Mzee Naftaly akatabasamu. "Kaa chini, shemeji. Haya ni mambo ya ulingo."

"Kwani aliyekuwa akilala naye ni nani, mimi au wewe?"

Ukumbi ukalipuka. Nikangoja watulie. "Miaka hii yote nimekaa hapa nikisikiliza mkimsemea mume wangu. Hamjawahi kuniuliza hata siku moja alisema nini, alikula nini, aliumwa wapi. Mnanipa mshipi nishike kama msumari wa kutundikia koti. Leo atasemewa na mimi."

Mshipi nikampa Zeddy, fundi kijana wa karakana, mrefu huyo, ndiye aliyeushinda Krismasi iliyopita. Nikajifunga leso sawasawa, nikapita katikati ya kamba, nikapanda ulingoni. Vijana wakapiga miluzi. Mimi si mfupi. Micah alikuwa akisema alinioa ili asiumwe na shingo.

"Njoo," nikamwita Kiplangat.

"Mama, mimi siwezi kukupiga."

"Nani kasema unipige mimi? Mimi ni Micah. Usikunje ngumi, fungua kiganja. Nikuone ukiingia kama unavyoingia kwenye gunia."

Akapanda, uso umemshuka kwa aibu. Nikasimama kama Micah. Nilijua kusimama kwake, alikuwa akijizoeza chumbani huku mimi nachambua mboga: mguu wa kushoto mbele, mgongo wima, mkono wa kushoto umenyooka, wa kulia juu nyuma ya sikio, nyundo inangoja. Kelele zikaisha. Benchi la mbele nikasikia mtu akisema, "Jamani, ni yeye." Mzee Naftaly alikuwa amevua kofia.

Nikatoa mkono wa kushoto. Kiplangat hakuwepo. Nikashusha wa kulia, ile nyundo, kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilikuwa na hasira, na kabla haujashuka nikahisi kiganja kwenye mbavu zangu za kulia, nyayo zikanyanyuka kidogo kutoka kwenye mbao. Hakuniumiza. Nikamwambia, tena. Kiganja pale pale. Nikabadilisha, nikaanza na wa kulia. Pale pale.

Nikawageukia wazee. Nilikuwa nahema.

"Mmeona alipoweka mkono? Hapa. Hapa ndipo nilipokuwa nakanda. Nyinyi mlimbeba Micah mabegani mkaniletea mpaka mlangoni mkiimba, halafu mkaenda kunywa. Mlango ukifungwa, Micah alikuwa hawezi kuvua shati. Mimi nilimvua. Nikachemsha maji, nikamkanda mbavu hizi za kulia mpaka maji yakapoa, nikachemsha mengine, na yeye ameuma taulo ili majirani wasisikie. Na alikuwa ameshinda! Siku zote alikuwa ameshinda! Mtu wa nyundo lazima anyanyue mkono, na msumari wa reli haujawahi kumrudishia ngumi. Wale aliopigana nao walikuwa warefu kama yeye, walimpata hapo kwa bahati. Huyu anaishi hapo chini. Mnaniuliza angesimama na Micah? Ingekuwa ni huyu, mume wangu angeshindwa."

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Nikashika kamba. Miaka yote hiyo kitu pekee nilichobaki nacho ni kuwa mke wa mtu asiyepigika, na sasa nimekitupa mwenyewe, mbele ya watu, kwa ajili ya kuli wa Keringet ambaye si ndugu yangu wala si wa kabila langu. Nililia, sikujificha.

"Shemeji," Mzee Naftaly akasema polepole, "umemwua mara ya pili."

"Hapana. Nyinyi ndio mmemsimamisha hapo mikono juu tangu tulipomzika. Mwacheni akae. Amechoka."

Zeddy ndiye aliyesema, mshipi bado mkononi mwake. "Mimi nataka kupigana na huyu. Nikipigana na mwingine, watu watasema nilimwogopa." Wazee wakamtazama mwenyekiti. Mzee Naftaly aliangalia ulingo kwa muda, akavaa kofia.

"Apigane," akasema, akatoka nje.

Mpumbavu mmoja alikuwa bado na kicheko. Akauliza, sasa mshipi huo si utamzunguka Kiplangat mara mbili? Nikaomba msumari. Nikauweka mshipi kwenye benchi la wazee, pale pale alipokuwa amekaa mwenyekiti, nikachukua jiwe, nikagonga mpaka nikatoboa tundu jipya, mbali kabisa na matundu ya wengine. Nikamwambia, haya, leta swali lingine.

Siku ya pili ya Krismasi Kiplangat alinipitia kibandani akiwa na taulo shingoni.

"Mama, ulisema kweli? Ningemshinda?"

Nikamtazama. Huyu naye! "Sijui, bwana. Micah angekupata na ule wa kulia kabla hujaingia, ungeokota meno yako mpaka Keringet. Hakuna anayejua, na wale wazee ndio hawajui kabisa. Lakini Zeddy yuko ukumbini anakungoja. Nenda ukajue ya Zeddy."

Raundi ya kwanza niliona mwisho wa dunia. Zeddy alikuwa na mkono mrefu na hakuwa mtu wa nyundo, alipiga na kurudisha haraka. Mkono wa kushoto ukamkuta Kiplangat kwenye pua, ukamkuta tena, damu ikatiririka kifuani. Watu wakaimba, "Ngazi! Mleteeni ngazi!" Nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaiona kofia ya Mzee Naftaly. Alikuwa amesimama peke yake.

Raundi ya pili Kiplangat akaacha kukimbilia. Akaanza kungoja. Alishuka Zeddy alipopiga, akaingia, mbavu moja, akatoka. Akapigwa ngumi ya kichwa. Akaingia, mbavu, akatoka. Hakugusa uso wa Zeddy hata mara moja. Nikaona viwiko vya Zeddy vikianza kushuka kulinda ubavu, na mkono wake mrefu ukawa mfupi, maana mtu hawezi kupiga mbali na kujifunika pamoja. Wimbo wa ngazi ukaisha. Raundi ya tatu Kiplangat aliingia kwa magoti, akageuza nyonga, na Zeddy akakaa kwenye kamba, akateleza mpaka chini. Alijaribu kuinuka, kijana jasiri yule. Hakuweza.

Sikumbuki nilivyofika ulingoni. Nilimfunga Kiplangat mshipi kwa tundu nililotoboa, ncha ikaning'inia mpaka gotini, na uso wake wote damu. Akawageukia watu. Kwa kawaida mshindi hunyanyua mikono. Yeye aliweka mikono kiunoni, juu ya mshipi, mahali kikapu kilipokuwa kinafungwa.

"Nihesabuni sasa!" akapiga kelele. "Nihesabuni!"

Ukumbi mzima ukajibu, "Moja!" Mdharau mwiba mguu huota tende, jamani. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na Zeddy naye anapiga makofi huku ameinama.

Kesho yake asubuhi, kabla makuli hawajaingia, Mzee Naftaly alikuja kibandani. Hakuwa amefika hapo tangu ile Jumamosi. Nilifikiri amekuja kunitukana, nikakamata upawa wangu sawasawa. Akakaa. Nikampa chai. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaizungusha.

"Shemeji."

"Naam."

"Zile mbavu."

"Zina nini?"

Akameza chai. "Siku ile yetu. Mimi na yeye. Ulikanda?"

Nilimwangalia. Ningeweza kumwadhibu, na alistahili, kwa ile habari ya pareto peke yake alistahili. Lakini alikuwa ameuliza. Mtu huyo miaka yote amesema Micah alifanya hivi, Micah angefanya vile, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuuliza.

"Siku yako?" nikasema. "Siku yako nilikanda mpaka majogoo wakawika. Wiki nzima hakunyanyua nyundo, alimdanganya nyapara wa gengi ati amekula samaki mbaya. Alikuogopa, shemeji. Aliniambia, yule gadi asijue. Akijua alivyoniumiza atarudi, na akirudi ataniangusha."

Kikombe kikasimama hewani. Mzee Naftaly alinitazama kama mtu aliyeshukia stesheni isiyo yake.

"Ataniangusha. Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Na wewe hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na kazi ya kumsemea."

Macho yakamjaa maji, akayafuta kwa kofia, halafu tumbo likaanza kutikisika na nikaona kwamba anacheka. Akanyanyuka. Akaweka kikombe chini vizuri, akavua koti lake, mara ya kwanza naona mikono ya shati ya mzee yule, na hapo barabarani, mbele ya makuli wote wanaokuja kazini, akashusha magoti yanayolia, akageuza nyonga, akapiga hewa ngumi moja ya kushoto, chini, kwenye mbavu.

"Hapa?" akaniuliza.

"Juu kidogo," nikamwambia.

Akapiga tena.